Lebo ya Mama kwenye Suruali ya Mujomba

Heri niisimulie mwenyewe, maana mtaani imeshaongezwa chumvi: ndiyo, siku ya kumaliza matanga ya mama yangu, mimi ndiye niliyesababisha watu wacheke, tena wakati wa sala.

Tangu tumzike Mama sikuwa nimelia. Machozi yalikataa tu, na Mujomba Zakaria, kaka yake Mama, alikuwa akiwaambia watu kwamba nina moyo wa jiwe. Nikakata vikwembe vya Mama, vitenge vyake vya kuvaa, nikaunga vipande kwa cherehani yake mpaka nikapata blanketi kubwa la kumpa Mujomba mbele ya ukoo wote, ajue kama nilimpenda dada yake.

Ningeishia hapo ningebaki na heshima. Lakini nikataka lebo (kiburi, hakuna jina lingine). Nikachovya kitambaa cheupe katika uji wa muhogo, kikakauka kigumu kama karatasi, nikakipitisha kwenye imprimante ya ordinatere yetu ya nyumbani, ile mashine ya kuchapa ya kompyuta, na ajabu, kikatoka na maandishi safi: "Kumbukumbu ya mama yetu mpendwa. Fua kwa maji baridi. Usichemshe." Kuishona ndiko nilikoonea uvivu, wageni wameshaanza kufika. Nikaibandika kwenye blanketi kwa uji uleule.

Mujomba akaja na suruali nyeupe pe. Nikalikung'uta blanketi kwa madaha, nikalitandika juu ya kiti chake, nisione kwamba lebo imebanduka na kulala pale kifudifudi, upande wa uji juu. Akaikalia. Na chini ya bashi, lile turubai la wageni, kwa jua la saa nane, Mujomba (mtu mnene, hutoka jasho hata akila) akailowesha vizuri mpaka uji ukanata upya.

Alipoitwa kuomba, akasimama, akageukia picha ya Mama, akatuelekezea mgongo, akainama. Lebo ilikuwa katikati ya makalio, imenyooka kuliko nilivyoibandika mimi.

Tantine Rachele, mdogo wa Mama na Mujomba, akadhani ni sehemu ya programu, akaisoma yote kwa sauti, mpaka "usichemshe". Bashi zima likapasuka.

"Nani iko nacheka?" Mujomba akafoka, bado ameinama. "Hapa ni kilio!"

"Weye njo umetuandikia, yaya," Tantine akamjibu kaka yake. "Siye tunasoma tu."

"Umeandikiwa wapi?"

"Ku matako, yaya."

Akapapasa, akaibandua, akaisoma polepole kwa mkono ulionyooshwa mbali. Kisha akanitazama. Nami nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe, nacheka hadi nimechuchumaa, na katikati ya kicheko kitu kikageuka, nikasikia sauti yangu inamwita Mama, kamasi na machozi pamoja, sikuweza kunyamaza.

Mujomba akaja akaniwekea lebo mkononi.

"Bon," akasema. "Machozi imefika. Sasa shona hii. Na uzi."

Nimeishona, pande zote nne, mara mbili. Kwangu muhogo sasa ni wa kula tu. Na suruali ile niliifua mwenyewe kwa maji baridi, sikuichemsha. Doa la wino wa lebo limekataa kutoka, na Mujomba huivaa kanisani hivyo hivyo.