Mzee Aliyeendesha Gari Akiwa Kwenye Benchi

Juzi nilikuwa gereji ya jua kali hapa Kitengela, nimeketi benchi moja na mzee wa kutoka Bisil. Fundi alikuwa anabadilisha usukani wa pikap ya mzee, maana ule wa zamani ulikuwa umepasuka kwa jua. Alilegeza nati, akauvuta hadi ukachomoka.

"Mzee, huu nitupe?"

"Lete hapa."

Mzee akauweka mapajani. Binti yake, aliyeshika funguo, akaninong'oneza, "Daktari amesema macho yake hayawezi barabara tena. Siku hizi ni mimi naendesha."

Mzee akafumba hayo macho. Mikono ikaanza kuzungusha usukani taratibu, midomo ikinguruma kama gia ya pili.

"Mzee, tumefika wapi?" nikauliza.

"Tumepita Isinya. Ngoja kidogo, kuna ng'ombe wanavuka."

Tukangoja. Upepo ulipiga mabati ya gereji, na naapa nilisikia kengele za ng'ombe zikipita mbele yetu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekanyaga breki.

Nimebebwa na madereva wengi wenye macho mazima kwenye barabara hiyo ya Namanga. Sijaona hata mmoja akingoja mpaka ng'ombe wa mwisho avuke.

"Baba, gari iko tayari," binti akaita.

Mzee akaingia upande wa abiria, usukani wake kwapani. Binti akawasha gari, akakata kona kuingia barabarani. Kando yake, mzee naye akakata.