Mama Mkwe wa Fisi

Kwa miaka mitatu ya ndoa nilimjua mama mkwe wangu kwa viatu. Mtu angeniuliza anafananaje, ningemweleza raba za bluu za shambani na vile vyeusi vya kanisani, basi. Sisi Wakamba tuna kitu tunakiita nthoni: mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawataniani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Wengi siku hizi wameacha. Yeye hakuacha, na mimi niliyelelewa Zombe na nyanya mkali sikuwa wa kumfundisha kuacha.

Shida ilianza mke wangu alipokuwa mjamzito na daktari akamwamuru alale, asiinue hata ndoo. Mimi ni daktari wa mifugo. Naitwa alfajiri kwa ng'ombe wa watu, narudi jioni nikinuka ng'ombe hao. Tulihitaji mtu wa kukaa naye, na mtu aliyemtaka ni mama yake. Mama akakataa. Tukamwomba tena kwa simu, akakataa tena: hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Mke wangu alisema ni nthoni tu. Mimi nilisema hanipendi, na nikakasirika, maana mtu asiyekutaka si aseme?

Kilichonichekesha miezi ile kilikuwa katuni moja ya mtandaoni, inayotoka kila Ijumaa jioni. Ni kisa cha fisi aliyeoa binti ya mbuzi. Kwa kuwa mbuzi ni mama mkwe wake, haruhusiwi kumtazama, na kwa kuwa haruhusiwi kumtazama, hawezi kumla. Kila wiki njaa na adabu zinapigana ndani ya yule mnyama. Chini ya picha sisi wasomaji tulibishana kuliko tunavyobishania siasa. Mimi nilianza kwa kulalamika kwamba mbuzi amechorewa meno ya mbele juu, na mbuzi hana meno hayo. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo kutoka upande wa Garissa akaniambia nimwache mbuzi wa watu atafune.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa msomaji aliyeweka picha ya parachichi mahali pa uso. Nilimchukulia kuwa kijana wa chuo kikuu, tena mwenye kiburi. Lakini alikuwa na jicho. Fisi alipomwachia mdogo wake nafasi yake ya urithi kwa sahani moja ya ndengu, sote tulicheka ulafi wake. Parachichi akatukumbusha yule kaka mkubwa wa kwenye Biblia tuliyesomewa Shule ya Jumapili, aliyeuza haki yake kwa chakula, akasema mchoraji ametia ndengu za kwetu tu. Fisi alipoimba mlangoni kwa sauti nyembamba, akatueleza kwamba katika ngano zimwi hubadilisha sauti ili afunguliwe ale, ila huyu anabadilisha ili asimtishe mtu, na kichekesho kiko hapo.

Tuligombana juu ya mbuzi. Mimi nilishikilia kwamba hakuchorwa akakamilika, hana moyo, kazi yake kugeuza uso. Wiki tuliyokataliwa mara ya pili nikaandika, "Mbuzi kama huyo ninaye huko milimani. Nikifika anageuka kama ameona nyoka. Heri anipige pembe nijue moja." Watu wakacheka sana. Parachichi akajibu, "Wewe unamsoma fisi tu. Mbuzi bado hujamsoma."

Ijumaa iliyofuata nilimwacha mke wangu na jirani, nikasafiri hadi kwao Mbooni kuomba mwenyewe. Boda boda ilinishusha mlangoni kwa baba mkwe karibu na jioni. Yeye na mimi tukakaa barazani, mama akabaki jikoni, na mzee wa watu akawa ndiye simu yetu.

"Mwambie mtoto wake analia."

Mzee akaenda, akarudi. "Anasema amesikia."

"Mwambie tutatia pazia katikati ya nyumba."

Akaenda, akarudi polepole zaidi. "Anasema pazia si ukuta."

Alipochoka akaenda kufunga ng'ombe. Nilibaki peke yangu na hasira zangu, nikatoa simu. Katuni ilikuwa imetoka. Fisi anampelekea mama mkwe kuni kinyumenyume ili asimwone, na mkia wake unaangusha chungu. Nikaandika, "Angalau mkia umesalimia."

Jikoni mtu akacheka.

Nikaona ni sadfa tu. Nikaandika tena, "Na chungu kimekufa kwa heshima." Kicheko kikatoka kikubwa zaidi, kitu kikaanguka, moto ukachachatika, na kwenye simu yangu Parachichi akaandika, "Jamani, nimemwaga mboga!"

Nyoka niliyemwandika, pembe nilizoomba, yote yalikuwa pale, na aliyeyasoma alikuwa hatua chache nyuma ya ukuta. Niliogopa kama sijawahi kuogopa fahali. Nikaandika, "Parachichi, nje ya jikoni lako kuna mgeni amekaa?"

Jikoni kicheko kikakatika. Nikajua nimeharibu, na kwamba mke wangu atabaki peke yake kwa sababu ya mdomo wangu. Kisha jibu likaingia.

"Nasema hivi kuhusu mbuzi. Akishageuza uso huwa anacheka, ila mchoraji hajawahi kuchora upande huo. Fisi alimpendeza tangu siku ya kwanza. Angekuwa si kitu kwake, angemtazama tu kama anavyotazama watu wote."

Nilisoma mara mbili. Nikaandika, "Basi mwambie huyo mbuzi kwamba fisi anaomba msamaha, na binti yake anamhitaji."

Baba mkwe alirudi kutoka kwa ng'ombe, akaitwa jikoni, akakaa huko kidogo, akatoka akijikuna kichwa.

"Anafunga mizigo. Mtaondoka asubuhi. Kwenye matatu wewe utakaa mbele na dereva, yeye nyuma." Akanikazia macho. "Kwani umemwambia nini?"

"Hatujaongea, baba."

Akavuta kiti, akakaa, akaniuliza kwa upole mbona basi nalia. Nikamwambia ni moshi wa jikoni. Kutoka mle ndani mama mkwe wangu akacheka tena, na safari hii hakuziba mdomo.