Tisa Sita za Yekosofati

Tangu mkewe Gorreti afariki, Yekosofati alikaa peke yake Nabuyonga, Mbale, na simu yake ikilia, mara nyingi ni mtu aliyekosea namba. Kwa hiyo asubuhi Cissy alipompigia kutoka ofisi ya chama cha wakulima wa miwa, Jinja, alisimama wima kumsikiliza.

"Mzee, ile programu ya kompyuta ya kupanga malori ya miwa uliyotuandikia bado tunaitumia. Sasa inawaruka wakulima wote wa Budondo."

Aliiandika akiwa kijana, kwa COBOL, lugha ya zamani ya kompyuta. Alifungasha nguo za wiki nzima, akapanda basi.

Ofisini aliona kosa upesi. Programu ilisoma namba za wakulima kutoka ndogo hadi kubwa, na ili ijue mwisho umefika, yeye aliiwekea tisa sita, 999999: ikikuta namba inayofika hapo au kupita, isimame. Zamani hakukuwa na mkulima ambaye angefikia namba hiyo. Lakini wa Budondo, waliojiunga mwaka jana, walipewa namba zinazoanza na herufi B, na kwa mashine ile herufi ni kubwa kuliko tarakimu yoyote. Ilipomfikia mkulima wao wa kwanza, ikadhani kazi imekwisha. Malori hayakupangwa, na miwa ya mama mmoja, Nabalayo, ilikauka shambani.

"Nani alikosea?" Cissy aliuliza.

"Mimi. Lugha yenyewe ina neno la thamani ya juu kabisa, isiyopitwa na herufi wala tarakimu. Niliona tisa zinatosha."

Akazifuta, akaandika neno hilo, HIGH-VALUES. Majina ya Budondo yakatoka yote. Saa nzima haikuisha.

"Hakuna programu nyingine ya kutazama?" Yekosofati aliuliza.

"Hapana, mzee. Zingine zilishabadilishwa."

Badala ya kurudi stendi, alichukua bodaboda hadi Budondo. Alimkuta Nabalayo aking'oa visiki, akamweleza.

Mama akainuka. "Nilidhani ni kwa sababu niligombana na msimamizi wa malori."

"La. Ni mimi, na wala sikukujua. Nisamehe."

"Basi ningejua, nisingemchukia yule mtu mwaka mzima." Akampa kigoda na muhogo, kisha akarudi kwenye visiki vyake.

Siku tatu baadaye, Mbale, ujumbe wa Cissy uliingia: malori yamefika Budondo. Yekosofati akajibu, akauliza habari za Nabalayo, na za programu. Alikaa na simu mkononi hadi chai ikapoa. Jibu halikuja.