Kikohozi Kilichowafukuza Bundi wa Kazungu

Kazungu Nyale anainua kiganja, na wageni wanne walio nyuma yake wanasimama papo hapo. Nje ya msitu wa Arabuko-Sokoke jua limeshawaka, lakini huku chini ya miti bado kuna kiza na ubaridi. Anainama, anachungulia kichaka kimoja, kisha kingine. Halafu anatabasamu na kuonyesha kwa kidevu.

Kwenye kitawi wamebanana bundi wawili, wadogo kiasi cha kutosha kiganjani, rangi yao kama majani makavu. Wamelala fofofo. Mgeni mmoja anajiziba mdomo kwa furaha.

"Hapa ruhusa ni kupumua tu," Kazungu ananong'ona.

Mkazi huyu wa karibu na Gede, mwenye umri wa miaka 58, ameongoza watazamaji wa ndege kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwanzoni jamaa zake walimshangaa.

"Kwetu bundi akilia juu ya nyumba, watu hawalali. Mimi nawafuata kwao mchana," anasema. "Marehemu mama aliniuliza, 'Mwanangu, kwani kazi zimekwisha?'"

Mwaka juzi alipimwa presha sokoni, siku ambayo wauguzi walikuwa wakipima watu bure. Hakuwa akiumwa popote, lakini ilikuwa juu. Baada ya vipimo vingine alipewa tembe za enalapril, naye akawa anameza kila asubuhi bila kukosa.

Wiki chache baadaye koo likaanza kumwasha. Kikafuata kikohozi kikavu, kisicho na makohozi wala homa, kisichojali dawa yoyote ya kifua.

"Kilikuwa kinangoja nifike kwa bundi," anasema, na kucheka. "Nikikibana, machozi yananitoka. Nikikiachia, ndege hao wamekwenda."

Siku moja alikuwa na bibi aliyesafiri kutoka mbali kwa ajili ya ndege huyo mmoja tu. Kazungu alikohoa, bundi wakaruka, na hawakuonekana tena asubuhi ile.

"Hakunilaumu. Alitia mkono mkobani akanipa peremende ya koo. Hiyo ndiyo iliyoniuma."

Simu za wageni zikapungua. Wenzake wakaanza kukaa mbali naye, wakidhani ni kifua kikuu. Alipimwa, hakuwa nacho. Nyumbani, mkewe Zipporah Ndinda, mzaliwa wa Kitui anayefua nguo katika hoteli moja ya Watamu, alimchemshia tangawizi na malimau mpaka nyumba nzima ikanukia.

Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani, naye hakuona sababu ya kusema. Presha na koo, vinakutana wapi? Tembe zilipomwishia, kwa kuwa hakuwa akiumwa popote, hakwenda kuchukua nyingine. Kikohozi kikapungua, kisha kikatoweka.

"Hata mimi nilifurahi," anasema Ndinda. "Nilimwona analala kama mtoto. Sikujua tunafurahia nini."

Miezi miwili baadaye, wakinywa chai, kikombe kilimponyoka Kazungu. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea. Alitaka kusema amejimwagia, maneno yakatoka yamevurugika.

"Nilimwambia, 'Baba Lewa, nitazame,'" anakumbuka Ndinda. "Mdomo ulikuwa umekwenda upande."

Alikimbia barabarani kusimamisha tuktuk. Walipofika hospitalini Malindi, sauti ya mumewe ilikuwa imerudi, lakini kipimo kilisoma 198 kwa 112. Waliambiwa kilikuwa kiharusi cha kupita, na kwamba kingine huenda kisipite.

Daktari kijana, Viola Charity, alimwamkia "shikamoo", akavuta kiti. Alitaka kusikia yote tangu mwanzo. Kazungu alipotaja kikohozi, akamkatiza kwa upole.

"Mzee, dawa ile jina lake linaishia na 'pril', sivyo?"

Alimweleza kwamba mwili hutengeneza kemikali inayokaza mishipa ya damu. Dawa za ukoo ule huizuia, mishipa ikalegea, damu ikapita bila kusukumwa kwa nguvu. Lakini kwa kazi hiyohiyo, kemikali nyingine hubaki mwilini, na baadhi ya watu huwawasha koo.

"Kwa hiyo sikuwa mgonjwa wa kifua?"

"Hukuwa. Ni dawa nzuri, ila haikukupenda. Ungetuambia tungeibadilisha. Kuiacha peke yako ndiko kulikotaka kukuondoa."

Alimwonya pia kwamba anayeitumia akivimba midomo au uso, aende hospitali mara moja, na kwamba haimfai mjamzito. Kisha akamwandikia losartan, ya ukoo mwingine usiochokoza koo kwa kawaida.

Wiki za kwanza Kazungu aliimeza kwa hofu. Ndinda naye alikuwa akifua nguo za nyumbani huku ametega sikio. Kikohozi hakikurudi. Leo presha yake imetulia, wageni wamerejea, na mkono wa kushoto unashika darubini barabara.

Mwezi ujao Ndinda ana likizo. Kazungu ameshapanga siku: asubuhi moja bila wageni, yeye na mkewe tu.

"Nimewaonyesha ndege watu wa dunia nzima," anasema. "Huyu amekuwa akinisikia nikisimulia tu."

Ndinda anamtazama. "Na nikipiga chafya?"

"Piga," Kazungu anamjibu. "Wakiruka, tutakaa pale tuwangoje."