Mistari Miwili ya Kulwa na Doto

Mwalimu Evodia alirudi kazini Handeni akiwa ameacha nyumbani pacha wake wawili wa kike, wa miezi mitatu. Kidato cha kwanza kilimpokea kwa fomula, kikiiimba kama kasuku.

"y ni sawa na mx jumlisha c!"

"Haya, c ni nini?"

Wakaiimba fomula upya. Ndivyo tulivyolelewa sote: kariri, faulu, sahau! Evodia aliuchukia ugonjwa huo tangu chuoni, na asubuhi hiyo aliapa kwamba mstari utatoka ubaoni uingie ndani ya nyumba za watu.

"Leo tunawachora wanangu."

Darasa likapiga makofi.

"Kulwa alizaliwa na kilo 3.2. Doto, kilo 2 tu. Hapo ndipo kila mmoja alipoanzia, kabla hata mwezi mmoja haujapita. Hiyo ndiyo c. Wekeni nukta kwenye mhimili wa wima. Sasa, kila mwezi Kulwa anaongezeka kilo 0.5, Doto 0.8. Hiyo ndiyo m, mteremko wa mstari: ukisogea mwezi mmoja kulia, unapanda kiasi gani juu?"

Aliandika y = 0.5x + 3.2, na chini yake y = 0.8x + 2. Akashika rula ndefu, akachora. Mstari wa Doto uliondoka chini ukapanda kama mtu anayekwea milima ya Usambara. Wa Kulwa uliondoka juu, kisha ukajikokota kama barabara ya tambarare inayopita katikati ya mashamba ya mkonge ya Mazinde.

"Madamu," akasema Keriako, mwanafunzi kutoka jamii ya wafugaji, "huyo mkubwa mbona mstari wake umelala? Kwetu ndama wa hivyo hatumsifu. Tunamfungua mdomo tumtazame."

"We Keriako, mtoto wa madamu si ng'ombe!" Resian, jirani yake wa dawati, alimkemea, na darasa likaangua kicheko.

Evodia hakucheka. Macho yake yalikuwa pale mistari ilipokatana, mwezi wa nne. Mtoto aliyezaliwa akimzidi mwenzake kwa kilo nzima na ushei, mwezi ujao angekuwa sawa naye, halafu angeachwa nyuma.

Rula ikamponyoka.

Tarakimu zile alikuwa ameziona kliniki mwezi baada ya mwezi, kila mtoto na kadi yake. Nukta za Kulwa zilikuwa bado kwenye rangi ya kijani, ya afya njema, na kila mara alikuwa mzito kuliko pacha wake. Basi nyumba nzima ilimhangaikia Doto: Doto anyonye kwanza, Doto afunikwe. Kulwa alikuwa mnene, mpole, halii. Nani angeuliza anapanda kwa kasi gani? Hata mama yake, mwalimu wa hesabu, hakuuliza!

Aliliacha darasa vile vile, akadandia bodaboda mpaka nyumbani. Mama mkwe wake, Bibi Grasiana, alikuwa amempakata Kulwa.

"Vipi mwanangu, wamekufukuza kazi?"

"Mama, nipe Kulwa."

Akampa titi. Kulwa alivuta mara chache, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akafumba macho.

"Mpole kama babu yake," Bibi Grasiana akasema.

"Si upole, Mama. Anachoka."

Bibi Grasiana akamfuta mtoto jasho kwa ncha ya kanga.

Kesho yake, hospitalini Korogwe, daktari alimsikiliza Kulwa kifua kwa muda mrefu, akampima kwa mashine.

"Moyo wake una tundu. Kunyonya kwake ni kama sisi kupanda mlima. Aende Dar, huenda akafanyiwa upasuaji. Watoto wanaozaliwa na uzito mzuri hivi, wazazi hushtuka wamechelewa. Ninyi mmewahi."

Bibi Grasiana alikaa chini, palepale sakafuni, mikono kichwani.

Evodia akampigia simu mumewe, Castory, kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma.

"Kulwa?" Castory alipaza sauti. "Unamaanisha Doto."

"Kulwa."

"Si ndiye mkubwa! Watazame vizuri, Evodia, umewachanganya."

"Nimemtazama vibaya miezi mitatu, baba Kulwa. Leo namtazama vizuri. Njoo Korogwe, tupande basi la Dar."

Upande wa pili nyundo ikatupwa chini. Kisha akasikia mlango wa bati wa karakana ukifungwa kwa kishindo.