Minazi Iliyoandikwa Pembezoni

Hasira yangu ina umri mkubwa kuliko watoto wangu, na sijaona sababu ya kuizika.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani Bagamoyo, kwenye ofisi iliyotunza madaftari ya zamani ya mashamba. Yalikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mengine yameliwa na mchwa mpaka ukiyafungua yanakumwagia unga mapajani. Akaja mkuu mpya, kijana, viatu vinang'aa, akaamuru yote yanakiliwe kwa herufi za kizungu kwenye madaftari mapya. Kazi hiyo aliiita kuhifadhi. Nilipewa mimi, maana chuoni kwa maalimu nilichapwa vya kutosha kuzijua zile herufi.

Daftari jipya lilikuwa na safu nne: mwenye shamba, mahali, mipaka, tarehe. Basi. Sasa, mtu yeyote wa pwani anajua kwamba shamba ni kitu kimoja na minazi ni kitu kingine. Ardhi inaweza kuwa ya huyu, na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya yule aliyeipanda kwa ruhusa, au ya mwanawe. Makarani wa zamani walilijua hilo. Shamba waliliandika katikati ya ukurasa, wenye minazi wakawaandika pembezoni, kwa mshazari.

Nikamwendea mkuu. "Bwana mkubwa, pembezoni kuna watu."

Akacheka. "Hayo makorokocho ya wazee? Safu ziko nne, karani. Jaza nne."

Nikajaza. Siku moja nilikuta pembezoni jina la mama mdogo wangu, na minazi yake kumi na mmoja. Nilitabasamu, nikafungua ukurasa wa pili. Nitabasamu nini, mpumbavu mimi! Ningeshindwa kuandika mstari mmoja kwenye karatasi ya kando? Badala yake, chini ya kila ukurasa niliandika "Nakala sahihi" na kutia sahihi yangu yenye mkia mrefu, niliyokuwa nikijivunia.

Tulipomaliza, mkuu akaamuru ya zamani yatolewe uani, yamwagiwe mafuta ya taa, yachomwe, eti mchwa wasihamie kwenye mapya. Yeye akapandishwa cheo, akaondoka zake. Popote alipo, simsamehe.

Haukupita mwaka, mama mdogo akaja ofisini. Alikuwa mjane, na minazi ile aliyoachiwa na baba yake kwenye shamba la jirani ndiyo iliyomlisha: nazi za kuuza, makuti ya kusuka, chelewa za mafagio. Jirani alikuwa amefariki. Mwanawe aliyekuwa Dar alirudi kurithi, akamkataza kuangua hata dafu mpaka alete maandishi. Mashahidi wa zamani walikuwa wamekwisha kufa wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Msomee huyu lile daftari. Baba alinionyesha jina langu, liko kando, limelala hivi." Akainamisha kiganja.

Yule kijana, mwana wa jirani, alisimama nyuma yake, kakunja mikono. Nilifungua daftari jipya. Karatasi nyeupe, halina tundu la mchwa hata moja. Nikasoma mwenye shamba, mahali, mipaka, tarehe.

"Endelea," akasema mama mdogo.

"Yameishia hapo, mama."

Nikamgeukia kijana, nikamwapia kwamba jina lile nililiona kwa macho yangu, na kwamba daftari lenyewe tulilichoma wenyewe. Akainama juu ya ukurasa.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Na hapa umeandika nini?"

Alikuwa anajua kusoma.

Mama mdogo hakuzijua herufi za kizungu. Aliweka kidole pembezoni mwa ukurasa, pale palipo peupe, akakiteremsha polepole kutoka juu mpaka chini, kisha akaniangalia.

"Mwanangu, hapa ndipo nilipokuwa. Nani amenitoa?"