Meseji Tupu kutoka Segera

Mwongozo wa programu huria katika kampuni yetu niliuandika mimi mwenyewe, na nilijivunia mno. Kampuni inanunua machungwa ya wakulima wa Handeni, ofisi yake iko Segera. Karibu kila tunachotumia kwenye kompyuta ni programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kusoma zilivyoandikwa na kuzirekebisha. Zamani kila mfanyakazi alipakua alichotaka. Mimi nikaja na masharti: programu isiingie kazini mpaka tujue nani anaitunza, na toleo jipya lisiwekwe kabla ya kujaribiwa pembeni. Bosi alinipongeza mbele ya wenzangu. Tangu siku hiyo nikawa natembea ofisini kifua mbele.

Programu iliyoniumbua ni ile ya kuwatumia wakulima meseji. Lori likipangwa, wanaambiwa siku moja kabla, wanachuma, wanarundika machungwa kando ya barabara, lori linapita kuyazoa. Namba yetu haikuwahi kuwaambia jambo jingine. Asubuhi moja toleo jipya la programu hiyo likatoka, nami nilikuwa na haraka zangu, nikaliweka moja kwa moja. Mambo ya kujaribu pembeni niliona ni ya wasiojua kazi. Mchana lori likaharibika. Nikawatumia wakulima wote ujumbe kwamba wasichume wiki hii mpaka watakaposikia tena kutoka kwetu.

Ujumbe ulifika mtupu. Jina la kampuni juu, chini hakuna hata neno moja. Wakulima wakaelewa vile ambavyo mtu yeyote angeelewa: namba hii ikituma kitu, lori linakuja. Wakachuma. Kesho yake machungwa yakakaa barabarani yakipigwa jua, mbuzi wakijihudumia, na simu zikaanza kumiminika ofisini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtu mwenye busara angenyamaza atafute kosa liko wapi. Mimi nikibanwa hutafuta wa kumtupia lawama. Kila programu ya aina hii ina ukurasa wa wazi ambako watumiaji huandika matatizo yao, na dunia nzima inasoma. Ndipo nikagundua kwamba sehemu ya Kiswahili inatunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, anayejiita kwa herufi mbili tu. Kumbe sharti langu la kumjua mtunzaji nililiandikia wengine. Nikamwandikia: "Kazi yenu ni ya hovyo. Mmetuharibia biashara. Rekebisheni leo hii." Nikamalizia na jina langu kamili, cheo, kampuni, Segera, Tanzania, ili waogope. Salamu sikuweka. Nilidhani namwandikia Mzungu fulani wa mbali, kana kwamba Mzungu hasalimiwi.

Jibu lilikuja kabla chai yangu haijapoa.

"Marahaba," liliandikwa. "Nilikufundisha hesabu kidato cha pili. Sasa nimestaafu, nipo Manundu, hapa Korogwe. Maelezo ya toleo jipya yanasema wanaotumia Kiswahili wabadilishe mpangilio mmoja kwanza, la sivyo meseji zitatoka tupu. Niliyaandika mwenyewe, tena juu kabisa. Hukuyasoma?"

Lile neno la kwanza lilinimaliza. Shikamoo ambayo sikuitoa ilikuwa imeitikiwa mbele ya watu wote. Nikabadilisha mpangilio, meseji zikakubali kutoka, lakini usingizi ulinipaa. Asubuhi nikanunua kilo mbili za sukari, nikaenda Manundu. Nilimkuta mwalimu barazani kwake akichambua mchicha, kompyuta yake ikiwa wazi juu ya stuli.

"Shikamoo, mwalimu."

"Hiyo nilishaiitikia jana," akasema bila kuinua uso. "Kaa."

Nikaomba radhi. Radhi yenyewe ilikuwa ya kweli. Kisha nikafikia kile hasa kilichonipeleka. Nikamwomba aufute ujumbe wangu kwenye ule ukurasa, maana bosi angeuona, na watu wa kazi yangu kote nchini wangeuona.

"Kufuta naweza," akasema. "Meseji zinatoka sasa?"

"Zinatoka, mwalimu. Tangu jana."

"Na wakulima umewaambia nini?"

Nikaugeuzageuza mfuko wa sukari mkononi. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewaambia kitu. Simu zao nilimwachia dada wa mapokezi.

"Hujawaambia," akasema, na sasa alinitazama. "Umepanda gari kutoka Segera kuja kuniomba radhi mimi niliyekaa kivulini, na wenye machungwa yao hujawapa hata pole. Una akili gani wewe?"

Nilishindwa kumtazama. Aibu ya jana ilikuwa ya kuonekana na watu. Hii ya sasa iliniuma zaidi kwa sababu alinisoma sawasawa: nilikuja kusafisha jina langu tu, na sukari yangu mkononi.

Akanisogezea kompyuta. "Andika hapa hapa nikiona."

Nikafungua programu yetu, nikaandika: "Habari zenu, wakulima wetu. Meseji tupu mliyopata ilikuwa kosa letu. Lori liliharibika, tulipaswa kuwaambia msichume. Tunaomba radhi."

Akainama kusoma, kidole chake chenye maji ya mchicha kikagusa kioo. "Kosa letu? Mliliweka wangapi hilo toleo?"

Nikafuta, nikaandika "kosa langu", na "naomba radhi". Nikatuma. Alirudi kwenye mchicha wake, nami nikakaa nikiangalia kioo kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Jibu la kwanza liliingia kutoka kwa mkulima wa Handeni nisiyemfahamu. "Yangu yote yameoza. Wewe unayesema kosa lako, ni nani? Mtoto wa nani?"

Nami kwetu ni Handeni. Baba yangu yuko huko mpaka leo, anaswali na wakulima hao msikiti mmoja, na huwasimulia kwamba binti yake ndiye anayeendesha kompyuta za kampuni ya machungwa. Mwalimu alikuwa amelisoma swali lile. Hakunisaidia.

Nikaandika jina langu. Nikasita. Kisha nikaandika na la baba.